Mabaraza ya Barua: Mitandao ya Kwanza ya Wanazuoni na Wakutubi, na Funzo Lake kwa Taaluma ya Kiswahili

1. Utangulizi

Kabla ya miaka ya 1980, mwanachuoni aliyetaka kujua maoni ya wenzake wa ng'ambo alikuwa na njia tatu. Aliweza kuandika barua na kungoja majibu kwa majuma au miezi. Aliweza kusafiri kwenda kwenye kongamano. Au aliweza kuchapisha makala katika jarida na kutazamia kwamba mtu fulani angeyajibu katika toleo la mwaka uliofuata. Njia hizi zote zilikuwa na heshima yake, lakini zilikuwa za polepole, na aghalabu zilimfaa zaidi yule aliyekuwa na nauli au aliyeishi karibu na maktaba kubwa. Kati ya mwaka 1981 na mwaka 1995 ilizuka njia ya nne, yaani baraza la barua: kundi la watu wa taaluma moja waliotawanyika duniani, ambao waraka mmoja wa mmoja wao uliwafikia wote kwa njia ya kompyuta.

Makala haya yanaeleza jinsi mabaraza hayo yalivyoanza, yalivyofanya kazi, na jinsi wakutubi walivyotengeneza nyenzo za kutafutia maarifa katika mitandao ile ya kwanza. Kisha yanatazama hali ilivyokuwa Afrika Mashariki na suala la herufi za lugha za Kiafrika. Dai kuu ni kwamba thamani ya mabaraza haya haikutokana na kasi ya mitambo. Ilitokana na mambo matatu yaliyofungamana, nayo ni mhariri, wanachama wanaojulikana, na kumbukumbu iliyohifadhiwa. Pale lilipokosekana la tatu, maarifa yalipotea. Na hasara ya namna hiyo ndiyo inayowakabili wataalamu wa Kiswahili hivi leo.

Neno "baraza" limechaguliwa kwa makusudi. Katika matumizi ya pwani, baraza ni kwanza ile sehemu ya mbele ya nyumba ambapo watu huketi na kuzungumza. Kisha maana ikapanuka, neno likawa jina la mkutano wenyewe. Chombo kinachoelezwa hapa kilikuwa na sifa zote mbili: kilikuwa mahali, na kilikuwa mkutano.

2. Chanzo cha mtandao wa vyuo vikuu

Mtandao wa ARPANET ulianza mwaka 1969 kwa fedha za Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na mwaka 1971 Ray Tomlinson aliutumia kupeleka barua kutoka kompyuta moja hadi nyingine, akachagua alama ya @ kutenganisha jina la mtu na jina la mashine yake. Hata hivyo mtandao huo haukuwa wa kila mtu. Ulizihudumia taasisi zilizokuwa na mikataba ya utafiti na serikali, na idara za fasihi, historia au isimu hazikuwa na nafasi kubwa humo.

Mlango wa idara hizo ulifunguliwa na mtandao mwingine, BITNET, ulioanzishwa mwaka 1981 na Ira Fuchs wa City University of New York pamoja na Greydon Freeman wa Yale. Kanuni yake ilikuwa nyepesi. Chuo kilichotaka kujiunga kilikodi waya wa simu hadi chuo cha jirani kilichokwisha kuunganishwa, na kikakubali kupitisha barua za wengine bila malipo. Barua ilipokewa nzima katika kituo kimoja, ikawekwa, kisha ikasukumwa kituo cha pili, mfano wa watu waliojipanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Kituo kimoja kikilala, barua zilirundikana nyuma yake zikingoja. Upande wa Ulaya mtandao mwenza ulioitwa EARN ulianza katika miaka hiyo hiyo kwa msaada wa kampuni ya IBM, na Kanada ikawa na wake ulioitwa NetNorth. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 BITNET ilikuwa imeunganisha taasisi zipatazo 500, zikiwa na kompyuta kuu zipatazo 3,000.

Jambo lililoufanya mtandao huu uwe na manufaa kwa taaluma ni programu iliyoitwa LISTSERV. Hapo awali orodha za wapokeaji ziliendeshwa kwa mkono: mtu aliyetaka kujiunga alimwandikia msimamizi, naye akaongeza jina lake. Mwaka 1986 Éric Thomas, aliyekuwa mwanafunzi wa École Centrale mjini Paris, aliandika programu iliyoifanya kazi hiyo yenyewe. Mwanachama aliandika sentensi fupi ya amri yenye jina la baraza na jina lake mwenyewe, na kompyuta ikamsajili. Kwa amri nyingine aliweza kujitoa, kupata orodha ya wanachama, au kuagiza waraka uliohifadhiwa.

Kila baraza lilikuwa na anwani mbili: moja ya programu, iliyopokea amri, na nyingine ya baraza lenyewe, iliyosambaza barua kwa watu wote. Kosa la wageni lilikuwa ni kuzichanganya anwani hizi, na kwa hiyo ombi la mtu mmoja la kujitoa likawafikia mamia ya watu wasiohusika. Majina ya mabaraza yalikuwa mafupi, kwa kuwa kompyuta kuu za wakati huo hazikukubali jina lenye zaidi ya herufi nane. Mengi yakaishia kwa kistari na herufi L.

Ubora mwingine wa programu hii unafahamika vizuri zaidi kwa hesabu. Waya wa kawaida wa BITNET ulipitisha biti 9,600 kwa sekunde, yaani kama herufi 1,200. Waraka wa herufi 3,000 ulihitaji sekunde mbili na nusu. Iwapo wanachama 200 walikuwa ng'ambo ya bahari, kumpelekea kila mmoja nakala yake kungeushughulisha waya huo kwa zaidi ya dakika nane, na barua nyingine zote zingengoja. Programu ya Thomas ilivusha nakala moja tu pamoja na orodha ya majina, kisha kompyuta ya upande wa pili ikagawa nakala kwa wenyeji wake. Bila ya uwekevu huo, mabaraza makubwa yasingaliwezekana.

3. Mabaraza ya wanazuoni

Baraza la Humanist lilianzishwa mwezi Mei 1987 na Willard McCarty katika Chuo Kikuu cha Toronto, kwa ajili ya watu waliotumia kompyuta katika taaluma za fasihi, lugha na historia. Wengi wao walikuwa wapweke katika vyuo vyao: wenzao wa idara waliwaona kama mafundi wa mitambo, na mafundi wa mitambo wakawaona kama washairi. Aliyejiunga aliombwa aandike maelezo mafupi kuhusu kazi na masilahi yake ya kitaaluma, na maelezo hayo yakasomwa na wenzake. Kwa hiyo aliyezungumza hakuwa jina tupu. McCarty naye hakuyaacha mazungumzo yajiendee. Alizikusanya barua kwa mada na kuzipa vichwa kabla ya kuzitoa. Baadaye uhariri ulihamia kwa muda katika Chuo Kikuu cha Brown, kisha ukarudi mikononi mwa McCarty, ambaye alihamia King's College, London.

Kwa upande wa isimu, baraza la LINGUIST lilianzishwa mwaka 1990 na Anthony Aristar katika Chuo Kikuu cha Western Australia, na mwaka uliofuata likahamia Marekani, ambako Helen Aristar-Dry wa Eastern Michigan University alikuwa mhariri mwenza. Mila mbili za baraza hili zinastahili kuangaliwa kwa makini. Ya kwanza ni kwamba kila toleo lilipewa namba ya juzuu na ya toleo, kama jarida la karatasi, na hivyo mtu aliweza kulitaja katika makala yake na msomaji akalipata. Ya pili ni mila ya muhtasari. Mathalani, mtafiti aliyeuliza ni lugha zipi zenye upatanisho wa ngeli katika kielezi alijibiwa faraghani na waliojua. Kisha ilikuwa ni wajibu wake kuyakusanya majibu, kuyapanga, kuwashukuru waliochangia kwa majina, na kuuleta muhtasari barazani. Kwa mila hiyo swali la mtu mmoja liligeuka kuwa mali ya wote, na baraza halikufurika majibu yanayorudiana.

Isidhaniwe kwamba mabaraza haya yalikuwa pepo ya wasomi. Ugomvi ulikuwapo. Mtu aliyeandika usiku kwa hasira hakuwa na fursa ya kuuona uso wa aliyemwandikia, na waraka ukishatoka haukuweza kurudishwa. Ndiyo maana kazi ya mhariri ilikuwa nzito: alikuwa mfano wa mwenyekiti wa baraza, anayempa mmoja nafasi ya kusema na kumwomba mwingine apunguze makali.

4. Wakutubi na nyenzo za kutafutia

Wakutubi waliingia katika mitandao mapema, nao waliingia wakiwa na tatizo mahususi: vitu vilikuwapo, lakini havikuwa na katalogi. Mwezi Juni 1989 Charles W. Bailey wa maktaba za University of Houston alianzisha baraza la PACS-L, lililohusu mifumo ya kompyuta inayotumiwa na wasomaji maktabani. Mwaka 1990 likazaa jarida, The Public-Access Computer Systems Review, lililotolewa kwa njia ya mtandao. Wanachama walipelekewa yaliyomo, na aliyetaka makala fulani aliyaagiza kwa amri. Mwaka 1992 wakutubi wa marejeo walianzisha Stumpers-L, baraza la maswali yaliyowashinda. Mkutubi aliyeulizwa na msomaji wake asili ya msemo fulani, naye akamaliza vitabu vyote vya rafuni bila ya kupata jibu, alilitandaza swali barazani. Na huenda mwenzake wa mji wa mbali alikuwa na kitabu hicho mezani pake.

Orodha ya mabaraza yenyewe ilihitaji kutungwa. Diane Kovacs wa Kent State University alikusanya majina na maelezo ya mabaraza ya kitaaluma, na Michael Strangelove wa University of Ottawa akakusanya ya majarida na magazeti ya mtandaoni. Mwaka 1991 shirika la maktaba za utafiti la Amerika Kaskazini liliyaunganisha na kuyachapa. Hivyo mwongozo wa vitu visivyo na karatasi ulitoka katika kitabu cha karatasi, na wakutubi hawakuona ajabu, maana walijua kwamba chombo kipya huhitaji ngazi ya chombo cha zamani.

Nyenzo nyingine zilifuata kwa haraka. Katika McGill University, mjini Montreal, Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados, alitengeneza Archie mwaka 1990, programu iliyokusanya majina ya faili zilizowekwa wazi katika kompyuta nyingi na kuwezesha majina hayo kutafutwa mahali pamoja. Peter Scott wa University of Saskatchewan alitoa HYTELNET, mwongozo wa katalogi za maktaba zilizoweza kufunguliwa kutoka mbali. Mwaka 1991 University of Minnesota ilitoa Gopher, iliyopanga maarifa kwa orodha ndani ya orodha, na msomaji akachagua kwa namba tu bila ya kujua kitu hicho kimehifadhiwa nchi gani. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Nevada huko Reno kiliongeza Veronica, iliyopekua vichwa vya orodha hizo zote.

Utawala wa Gopher haukudumu. Mwaka 1993 University of Minnesota ilitangaza kwamba baadhi ya watumiaji wa programu yake ya kuhifadhia wangelipishwa, na mwezi Aprili mwaka huo huo kituo cha CERN, kilichoko Uswisi, kilitangaza kwamba wavuti, uliobuniwa huko na Tim Berners-Lee, ungekuwa huru kwa wote. Watu wakahama.

5. Hali ya Afrika Mashariki

Wakati haya yakitendeka, vyuo vikuu vya Afrika Mashariki havikuwa na waya wa kudumu wa kuviunganisha na mitandao hiyo. Njia iliyopatikana ilikuwa ni ile ya FidoNet, iliyobuniwa na Tom Jennings huko San Francisco mwaka 1984. Katika njia hii kompyuta ndogo ilikusanya barua za mchana kutwa, ikazibana zichukue nafasi ndogo, kisha ikapiga simu ya kawaida na kubadilishana mizigo na kompyuta nyingine kwa dakika chache. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mradi wa ESANET, uliofadhiliwa na shirika la IDRC la Kanada, uliunganisha kwa njia ya namna hii vyuo vikuu vya Nairobi, Dar es Salaam, Makerere, Zambia na Zimbabwe. Kwa upande wa tiba, shirika la SatelLife liliendesha HealthNet, iliyotumia setilaiti ndogo iliyopita juu ya nchi mara chache kwa siku, ikichukua barua na kuacha nyingine.

Katika hali hiyo baraza la barua lilikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja, lilikuwa ndicho chombo cha mtandao kilichomfaa zaidi msomi wa Afrika, kwa sababu halikuhitaji awe ameunganishwa saa anaposoma. Hata faili zilizokuwa katika kompyuta za mbali ziliweza kuagizwa kwa barua. Princeton iliendesha huduma iliyozichukua na kumpelekea mwombaji vipande vipande. Kwa upande wa pili, simu ya nchi za nje ililipiwa kwa dakika, na kila waraka uliosambazwa ovyo barazani uligharimiwa na mpokeaji. Utani wa profesa mmoja huko Marekani, ambao kwake ulikuwa bure, ulikuwa na bei mjini Nairobi. Kwa hiyo wengi walisikiliza zaidi ya walivyosema, na maarifa yao hayakuingia katika kumbukumbu kwa kadiri iliyostahili.

Kenya ilipata kiungo kamili cha intaneti mwaka 1995, na mtandao wa elimu wa KENET ukaanzishwa mwaka 1999. Mwaka huo wa 1995 ndipo lilipoanza H-Africa, baraza la historia na tamaduni za Afrika. Na mwaka mmoja kabla yake, yaani 1994, Martin Benjamin alikuwa ameanzisha Yale mradi wa Kamusi, uliowaita wazungumzaji na wataalamu wa Kiswahili popote walipo wachangie maneno na marekebisho kwa njia ya mtandao. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba mojawapo ya kazi za mwanzo za kukusanya msamiati wa lugha kwa pamoja mtandaoni ilihusu lugha ya Kiafrika.

6. Suala la herufi

Mitandao hii ilijengwa juu ya herufi za Kiingereza. Mfumo wa ASCII ulikuwa na nafasi 128 tu, na sehemu yake ilitumika kwa amri za mitambo. Kompyuta kuu za IBM zilizobeba BITNET zilitumia mfumo mwingine, na barua ilipovuka kutoka mfumo mmoja hadi wa pili baadhi ya alama ziligeuka. Mwanaisimu aliyetaka kuandika Kigikuyu hakuwa na irabu ĩ na ũ. Mtafiti wa Kihausa hakuwa na ɓ, ɗ wala ƙ. Na aliyeshughulikia toni hakuwa na alama zake. Kila mmoja alijitungia mbinu, mara kwa tarakimu, mara kwa herufi kubwa, na data iliyopelekwa ilihitaji maelezo marefu kabla ya kusomwa. Mfumo wa Unicode ulianza kutolewa mwaka 1991, na kanuni za MIME, zilizowezesha barua kubeba zaidi ya herufi za ASCII, zilitoka mwaka 1992. Lakini ilichukua miaka mingi kabla ya mashine kuzitii.

Kiswahili cha herufi za Kirumi kilipita bila ya kikwazo. Hakihitaji alama juu ya herufi, na ritifaa ya ng' imo katika ASCII. Neno "ng'ombe" lilifika salama popote. Hali haikuwa hivyo kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu: mtafiti wa miswada ya tenzi hakuweza kumwonyesha mwenzake maandishi yalivyo, bali alipeleka unukuzi wake tu, na mjadala juu ya usomaji wa neno ukawa ni mjadala juu ya unukuzi. Jambo la kusikitisha ni kwamba wepesi huo wa hati za Kirumi haukutumiwa ipasavyo. Mijadala mingi ya kitaaluma kuhusu Afrika iliendeshwa kwa Kiingereza, na msamiati wa chombo chenyewe ukachelewa kukua. "Barua pepe", "tovuti" na "wavuti" yalikuja baadaye, na "kompyuta", "tarakilishi" na "ngamizi" yakagombea nafasi moja kwa miaka mingi.

7. Kilichobaki na kilichopotea

Msomaji wa leo anaweza kuzisoma barua za Humanist za mwaka 1987 na matoleo ya mwanzo ya LINGUIST. Hilo halikutokea kwa bahati. Wahariri wake waliyahamisha majalada kila mashine ilipozeeka, na taasisi zikakubali kuyabeba. Mabaraza mengine mengi hayakuwa na mlezi. Msaada wa BITNET uliposimamishwa mwaka 1996, na kompyuta kuu zikazimwa moja baada ya nyingine, majalada yaliyokuwa na nakala moja yalikwenda nazo. Orodha nyingi za Gopher ziliachwa bila kunukuliwa. Hata miaka ya karibuni somo hili limerudiwa: mwezi Desemba 2019 kampuni ya Yahoo ilifuta mazungumzo yaliyokusanywa na makundi yake kwa takriban miaka ishirini.

Hapa ndipo suala hili linapogusa taaluma ya Kiswahili. Sehemu kubwa ya mijadala ya walimu, watafsiri na wanaisimu wa Kiswahili leo hufanyika katika makundi ya simu, kama vile ya WhatsApp. Humo istilahi hupendekezwa, hukataliwa na kurekebishwa. Maana ya neno katika lahaja ya Kimvita au Kiunguja huelezwa na mwenyeji wake. Makosa ya kamusi hubainishwa. Lakini mazungumzo hayo hukaa katika simu za wanachama. Simu ikipotea, yanaweza kupotea nayo. Hayana namba ya toleo, hayawezi kutajwa katika makala, na mwanafunzi atakayeuliza baada ya miaka kumi kwa nini istilahi fulani ilishinda nyingine hatapata pa kutazama. Kwa kipimo cha mambo matatu yaliyotajwa mwanzoni, makundi haya yana wanachama wanaojulikana, na pengine yana msimamizi, kumbukumbu hayana.

8. Hitimisho

Dawa ya upungufu huu haihitaji mitambo mipya, kwa kuwa ilikwisha kubuniwa na waliotangulia. Kwanza, mila ya muhtasari yafaa kurudishwa: aliyeuliza swali akusanye majibu, awataje waliochangia kwa ridhaa yao, na atoe waraka mmoja. Pili, mihtasari hiyo ipewe tarehe na namba ili iweze kurejelewa. Tatu, kila mwaka ikabidhiwe maktaba ya chuo, si kwa fundi wa kompyuta peke yake, kwa kuwa mkutubi ndiye aliyefundishwa kuhifadhi na kupanga. Suala la faragha halina budi kuheshimiwa; aliyezungumza katika kundi la marafiki hakuandika kwa ajili ya jarida, na ndiyo sababu muhtasari wenye ridhaa ni bora kuliko kunakili mazungumzo yote.

Barazani kwa Mswahili, mazungumzo ya jioni yalihifadhiwa vichwani mwa waliohudhuria, nao wakawasimulia wengine. Wanachama wa baraza la barua hawakai pamoja, na wengi hawajapata kuonana. Kama hakuna aliyepewa kazi ya kuandika yaliyosemwa, hakuna atakayesimulia.